Kwenda Kwetu: Historia ya Furaha Ndogo za Kipupwe



Ikifika Julai sisi wa cherahani tunajua bila kutazama kalenda. Wateja wote wanakuja na swali moja: nguo itakuwa tayari kabla sijenda kwetu? Huyu anataka dira la kwendea Makunduchi. Huyu anashonesha sare za watoto watatu wa dada yake. Huyu mumewe keshamkatia tiketi ya boti ya Pemba, na yeye hana hata shumizi mpya. Na wapo wanaotoka mbali zaidi, Maskati, Dubai na London, wamefika likizo na wanataka waonekane kwao wamependeza, lakini wasionekane wamekuwa wageni.

Tumeona leo tukae kidogo na historia ya safari hii. Tulipokuwa skuli tulifundishwa masultani, karafuu, majahazi na vita. Safari ya mwanamke kwenda kwao, na mkoba wake na watoto wake, hatukufundishwa. Tukiitafuta lakini tunaikuta kila mahali: katika hesabu za siku za mabaharia, katika kanga zetu, katika kitabu cha binti wa Sultani, hata katika misiba ya bahari. Tumeona tuiseme, hasa kwa maharusi wetu, kwa sababu wao ndio wanaohama nyumba, na wao ndio watakaoamua kama njia ya kurudi itabaki wazi.

Kipupwe ni msimu wetu

Jamaa zetu walioko Ulaya na Ghuba huita miezi hii kiangazi. Maskati wakati huo jua linapiga hadi nyuzi 40 na zaidi, skuli zimefungwa na watu wanatafuta pa kukimbilia. Huku kwetu ni kipupwe. Masika yamepita, upepo wa kusi unavuma, asubuhi ina ubaridi wa kujifunika kanga ya pili. Machungwa yamekolea, mihogo ipo, na maji yakitoka sana kina mama wanashuka pwani na vijiti vyao kuchokoa pweza.

Wazee wetu waliishi kwa pepo mbili. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikayarudisha. Mwanamke aliyeolewa na baharia alijua mumewe yupo lini na hayupo lini kwa kutazama minazi inalalia upande gani. Kusi lilipotulia mavuno yalikuwa ndani, njia zimekauka, na mwenye jamaa mbali akapata nafasi ya kufunga safari. Kwa hiyo kwenda kwao wakati wa kipupwe hakukuanza na likizo za skuli wala za Ulaya. Likizo zimekuta desturi ipo.

Siku ya Mwaka na vyungu vya kina mama

Tunaujua mwezi wa Kiislamu, unaotupa Ramadhani, Idi na Maulidi. Mwaka wake una siku kama 354, kwa hiyo kila mwaka Idi inatangulia kama siku 11. Kwa ibada ndivyo tulivyoamrishwa. Lakini mkulima na baharia hawawezi kupanda mpunga wala kutweka tanga kwa mwezi unaohama misimu. Ndiyo maana watu wa pwani yetu walikuwa na hesabu ya pili, ya jua: siku 360 zikigawiwa miongo 36, kila mwongo siku kumi, kisha siku tano za nyongeza, jumla 365. Siku ya kwanza iliitwa Siku ya Mwaka, au Nairuzi, neno lililotoka Uajemi lenye maana ya siku mpya.

Hesabu hii haina mwaka mrefu wenye siku ya ziada. Kwa hiyo kila miaka minne inarudi nyuma siku moja. Edward Steere, padri wa Kiingereza aliyeishi Unguja na kuandika kitabu cha lugha yetu mwaka 1870, aliikuta Siku ya Mwaka mwishoni mwa Agosti. Leo Makunduchi wanaiadhimisha katika Julai. Pigeni hesabu: miaka 150 kwa siku moja kila miaka minne ni siku 37 hivi. Hakuna ofisi iliyotangaza mabadiliko hayo. Wazee walihesabu tu, mwongo kwa mwongo, bila kuacha.

Na Steere aliona nini? Aliona wanawake wakienda kuoga baharini usiku au alfajiri. Aliandika kwamba moto wa zamani ulikuwa ukizimwa na kuwashwa mpya kwa kupekecha vijiti. Aliona chungu kikubwa cha nafaka na kunde kikipikwa, na kufika adhuhuri kila atakaye akaribishwe kula. Akaandika pia kwamba zamani siku hiyo watu walimaliza ugomvi wao wa mwaka mzima kwa kupigana, na hapakuwa na kesi baada ya hapo.

Jina lenyewe Mwaka Kogwa linatokana na kukoga, yaani kuoga. Leo picha zinazozunguka ni za wanaume wakichapana kwa migomba pale Kae Kuu, na kibanda cha makuti kinachotiwa moto mtu akakimbia kutoka ndani. Wapiga picha hawana habari na jikoni. Lakini wenye kwao pale wanajua kwamba vumbi la migomba likitulia, kila mtu anaingia nyumba ya jamaa zake. Wanawake wametoka na nguo zao bora wanazunguka mji kwa nyimbo, wengine wakiwatania wanaume bila ya kuogopa. Na kila nyumba inataka mgeni. Nyumba iliyokosa mgeni siku hiyo inajiona imekosa baraka.

Nani anapokea wageni hao? Ni mama na shangazi walioamka usiku kukuna nazi. Ni binti aliyeolewa mjini akarudi siku mbili kabla kusaidia kuchambua mchele, na ambaye kufika tu ulimi wake umehama kwenye Kiswahili cha mjini ukarudi kwenye Kikae cha bibi yake. Ukipiga hodi unasikia "karibu" kabla hujasema wewe nani. Unasema "shikamoo bibi", unaitikiwa "marahaba mwanangu", kisha unaulizwa ukoo wako mpaka ipatikane nyuzi moja ya kukuunganisha. Na isipopatikana, utakula vilevile.

Punda weupe na gari moshi la Bububu

Watu wa mji nao walikuwa na safari yao. Kwa Unguja "shamba" si bustani tu, ni kila kilicho nje ya mji, na kwenda shamba ilikuwa ndoto ya mtoto wa mjini.

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameyaeleza haya katika kumbukumbu zake zilizochapwa Berlin mwaka 1886. Ndiye huyo aliyejifunza kuandika kwa siri, kwa kuiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu wasichana walifundishwa kusoma bila ya kuandika. Anasimulia wanawake wa nyumba ya kifalme wakiondoka mapema juu ya punda weupe waliopambwa, vyakula vimetangulizwa, na siku nzima ya kula, kucheka na kutembea chini ya miti. Yeye mwenyewe alikuwa na nyumba Bububu, akaipenda kuliko ya mjini.

Tusijidanganye kwamba raha ile ilikuwa ya watu wote. Waliobeba vikapu na waliokimbia pembeni ya punda walikuwa watumwa, na wao kwao kulikuwa mbali, bara, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda. Tunalitaja hili kwa sababu wengi wetu ni wajukuu wa pande zote mbili.

Furaha ya shamba iliwafikia watu wa kawaida kwa njia nyingine. Mwaka 1905 ilikuwapo reli ya maili saba, kama kilomita 11, kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu. Mtu wa Malindi au Ng'ambo aliweza kupanda asubuhi, kukaa na jamaa zake siku nzima, na kurudi jioni na ndizi na machungwa. Reli hiyo haikumaliza hata miaka 30, ikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1920, magari yalipoanza kuwa mengi. Mpaka leo utaambiwa jina Bububu limetokana na sauti ya gari moshi. Lakini Sayyida Salme aliandika jina hilo kabla reli haijalazwa. Hadithi ni tamu, ila jina ni la zamani zaidi.

Kanga ndani ya mkoba

Mtu haendi kwao mikono mitupu. Na sisi tunaouza nguo tunajua kwamba zawadi ya kwanza inayotafutwa ni doti ya kanga.

Historia ya kanga imeanza na mshono, jambo linalotufurahisha sana. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 zilikuwa zikiuzwa leso za mraba, za rangi, zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora. Neno leso wametuachia Wareno. Wanawake wa pwani wakaacha kununua moja moja. Wakakatiwa sita kwa pamoja, wakazigawa tatu tatu na kuziunga ubavu kwa ubavu, ikawa nguo moja pana ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyokwisha chapwa kwa mfano huo. Kwa lugha yetu ya leo tungesema mteja ndiye aliyebuni, kiwanda kikafuata.

Kisha ikaja 6 Aprili 1897, siku utumwa ulipofutwa Zanzibar kwa amri ya Sayyid Hamoud bin Mohammed. Amri ile haikuwagusa masuria, wao wakangoja hadi 1909. Kabla ya hapo mwanamke mtumwa alijulikana kwa nguo yake: merikani nyeupe isiyo na ua, au kaniki ya rangi ya nili. Aliyetoka utumwani alitaka kanga. Kanga ilisema bila maneno kwamba huyu ni mwanamke huru, ana chake na anatoka atakapo. Baadaye likaja baibui, nalo likavaliwa na wanawake wa kila namna, wa ukoo mkubwa na wasio na ukoo wa kutajwa.

Maneno ya kanga yalifuata mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa sana ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zinajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwanza, kisha za Kirumi. Tangu hapo ukimpelekea mama yako kanga unampelekea na barua. Ndiyo maana mteja anaweza kusimama dukani nusu saa anageuza doti. Rangi ameshaipenda, lakini hataki wifi yake aisome vibaya.

Na kwa bibi harusi kuna kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, isiyohitaji maneno. Tunawashauri maharusi wetu wasiifungie sandukuni kama ukumbusho. Ivaeni mnaporudi kwenu mara ya kwanza baada ya harusi. Bibi yako akiiona hatahitaji kuuliza unaendeleaje.

Makumbi, mwani na nauli

Safari inataka nauli, na hapa ndipo historia ya pesa za mwanamke inapoingia.

Katika vijiji vya kusini na mashariki ya Unguja, wanawake walifukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, wakayaacha yaoze kwa miezi, kisha wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba. Kazi ilikuwa ya mgongo na mikono, lakini pesa iliyotoka ilikuwa ya mwenye mikono hiyo. Mwaka 1989 kikaja kilimo cha mwani wa kibiashara kwenye pwani ya mashariki, Paje na majirani zake, na wanawake ndio walioingia kwa wingi. Bei imepanda na kushuka, maji yamekuwa ya moto zaidi na mwani unakufa, wengi wamekata tamaa. Lakini kwa miaka mingi mwani ulimwezesha mama kusema: mwaka huu nitakwenda kumwona dada yangu, na simwombi mtu.

Tunalisema hili kwa sababu furaha tunazoziita ndogo zina gharama. Kilo mbili za mchele, doti moja, biskuti za watoto na nauli ya kwenda na kurudi. Mwenye kipato chake, hata kama ni cha visheti na kachori za kuuza mlangoni, hakosi safari kwa kuwa mwenzake amekasirika au hana.

Binti aliyerudi, mlango ukafungwa

Tumrudie Sayyida Salme, kwa sababu maisha yake yanaonesha upande mwingine wa safari hii.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri, akiwa na mimba, kwa meli ya Kiingereza hadi Aden. Huko mwaka uliofuata aliingia Ukristo na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu katika nchi ya baridi ambayo hakuwa na jamaa hata mmoja.

Mwaka 1885 alirudi Unguja, safari yake ikiwa imebebwa ndani ya siasa za Wajerumani. Kaka yake, Sayyid Barghash, alikataa kumpokea. Huyu ni kaka yuleyule ambaye mwaka 1859 Salme, akiwa binti wa miaka kumi na mitano, alimsaidia katika jaribio lake la kumpindua kaka yao Majid. Watu wa mji walimsalimia njiani, lakini mlango wa nyumba yao haukufunguliwa. Alijaribu tena mwaka 1888, akaondoka vilevile. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924, na katika vitu vyake kilikutwa kimfuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.

Hatuandiki haya kumtetea aliyeiacha dini, na hukumu si yetu. Tunaandika kwa sababu ya mchanga ule. Alikuwa na elimu, jina na kitabu kinachosomwa mpaka leo, na bado kitu alichokosa ni kukaa kwenye mkeka kwao akaulizwa: mbona umekonda?

Na hakuwa wa mwisho. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilitawanyika, Dar es Salaam, Mombasa, Uingereza, Ghuba. Sultan Qaboos alipoingia madarakani Oman mwaka 1970, wengi wenye asili ya huko walihamia Maskati. Zilipita Idi nyingi watu wakiishi kwa barua tu. Mpaka nchi ilipolegeza masharti katikati ya miaka ya 1980, wapo waliokuwa wamezika wazazi kwa mbali. Mnapowaona leo shangazi zetu wa Maskati wakipiga picha kila kichochoro na kila muuza urojo, msiwacheke. Kuna miaka wanailipia.

Bahari iliyo kati

Kwa sisi watu wa visiwa, njia ya kwetu mara nyingi ni maji. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Ilijaa watu kupita kiasi, wengi wao ni kina mama na watoto. Tulipoteza mamia kwa mamia. Kabla mwaka haujatimia, 18 Julai 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, Ramadhani ikiwa imebaki siku mbili tatu. Watu walikuwa wanakwenda kufunga na jamaa zao.

Kila mtaa ulikuwa na msiba. Katika vyerehani zilibaki nguo ambazo hazikuja kuchukuliwa. Tuwaombee dua, na tusione haya kusema hapana tunapoona chombo kimejaa. Furaha ya kufika kesho ni kubwa kuliko ya kufika leo.

Dini yetu na safari hii

Tunajua swali linaloulizwa kila Julai. Wapo masheikh wetu wanaokemea Mwaka Kogwa, hasa kibanda cha moto, mambo ya mizimu na mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Wapo wazee wanaosema ni mila tu, na kwamba watu wa kusini ni Waislamu tangu zamani. Na kweli ni wa zamani: msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, na Makunduchi haiko mbali na hapo.

Sisi ni mafundi wa nguo, hatutoi fatwa. Lakini tumeona wanawake wengi wanavyofanya, na tunaona wana busara. Wanayaacha yale yanayotia shaka, hawaendi kwenye kibanda wala kwenye ngoma. Safari lakini hawaiachi. Wanafika, wanapika, wanawasalimu wagonjwa, wanazuru makaburi ya wazee wao na kuwasomea dua, wanapatanisha ndugu waliogombana juu ya minazi. Wameshika ile sehemu ambayo hakuna sheikh anayeikataa, nayo ni kuunga jamaa.

Aya ya kwanza ya Suratun Nisaa inatuamrisha kumcha Mwenyezi Mungu na kuchunga haki za jamaa. Katika hadithi sahihi Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba anayependa riziki yake ikunjuliwe na umri wake urefushwe aunge udugu wake. Na ametufundisha kwamba muungaji hasa si yule anayelipa wema kwa wema. Ni yule anayeunga hata pale alipokatwa. Hilo la pili ndilo zito, maana kila ukoo una mtu ambaye hatusalimiani naye.

Kwa bibi harusi wetu

Wari wetu, mnapoletwa kupimwa mnatueleza kila kitu: kitambaa, ushanga, urefu wa mkia wa gauni, nani atapaka hina. Ni wachache wanaotuambia wamekubaliana na mchumba wao lini watakwenda kwao. Tunawaomba mlizungumze kabla ya akdi, mapema na kwa upole. Idi ya kwanza ni kwa nani? Kipupwe mtakwenda siku ngapi? Mama akiumwa, nani atakupeleka? Muulize sheikh wako kuhusu masharti ambayo mwanamke anaruhusiwa kuyaweka katika ndoa yake. Jambo lililosemwa mbele ya mawalii halileti ugomvi baadaye.

Mkishaolewa, wekeni kibweta kidogo cha nauli. Msingoje muwe na zawadi kubwa. Wazee wanataka kukuona, na pakiti ya majani ya chai na sabuni mbili zinatosha kuingilia ndani. Mkifika vueni nguo za safari, jifungeni kanga, ingieni jikoni. Wachukueni watoto pwani maji yakitoka, waonjeshwe dafu lililoangushwa mbele yao, walale chini kwenye mkeka na binamu zao sita, waambiwe yule mnazi ulipandwa na nani. Simu zitasubiri. Na mume akija nanyi, apewe heshima yake kwa wakwe, ili mwakani awe yeye wa kwanza kuuliza tunakwenda lini.

Na nyinyi mama wakwe mnaotusoma, mwacheni mke wa mwanenu aende kwao na arudi na furaha. Binti yenu naye yuko nyumba ya watu, na nyinyi mnahesabu siku zake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awafikishe salama walioko njiani, na asiifunge milango ya kwetu mbele ya watoto wetu. Amin.